Usharika uko bize mwaka mzima, lakini tunaelekea wapi? Viongozi wa makanisa tujadili

#1 Katibu wa Usharika

Bwana Yesu asifiwe wakuu.

Mimi ni katibu wa usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), mjini. Kila Desemba tunapanga kalenda ya mwaka unaofuata. Ya mwaka huu nimeibandika mlangoni pa ofisi na haina pa kuchomeka kitu: wiki ya maombi, semina ya uwakili, harambee ya paa, tamasha la kwaya, mkesha wa vijana, wiki ya wanawake, Siku ya Mikaeli, mavuno, kipaimara, semina ya ndoa, kisha harambee ya kumalizia paa lile lile. Mchungaji wetu ni mchapakazi. Alfajiri yuko kwenye ibada ya asubuhi, mchana msibani, jioni kikaoni, usiku anapokea simu za wagonjwa. Hakuna awezaye kumwita mvivu.

Kwenye baraza la wazee lililopita mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliuliza: haya yote tuliyofanya tangu Januari yamembadilisha nani? Watu wakatazamana. Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda ya kukodi mahema.

Hoja yangu ni hii. Viongozi wetu wengi hawana uvivu, wanachoshwa na kazi ambazo hakuna aliyewahi kukaa chini na kuamua kwa nini zinafanyika. Ukiwa bize unajibu kila kinachokujia. Ukiwa na mkakati umeshaamua utafanya nini na, hapa ndipo pagumu, nini hutafanya. Sisi tangu niwe katibu hatujawahi kufuta tukio hata moja. Tunaongeza tu.

Kwenu ikoje? Na chanzo chake mnaona ni nini?

#2 Sauti ya Mbagala

Umenena mkuu. Kwetu Wapentekoste ndiyo usiseme. Jumatatu maombi, Jumanne mafundisho, Jumatano uponyaji, Alhamisi mazoezi ya kwaya, Ijumaa mkesha, Jumamosi usafi na uinjilisti wa nyumba kwa nyumba, Jumapili kutwa nzima. Mke wangu kaniuliza siku gani nitakula na watoto, nikakosa jibu.

Chanzo ninachokiona mimi ni ushindani. Mtaa wetu una makanisa yamepakana ukuta kwa ukuta. Mchungaji anaogopa kwamba akifunga Jumatano, washirika wa Jumatano wataingia mlango wa pili na hawatarudi. Kwa hiyo spika haizimwi.

#3 Mwana wa Rungwe

Jambo hili lina jibu tangu zamani. Someni Kutoka 18. Musa alikaa kuamua mashauri ya watu kuanzia asubuhi hadi jioni, foleni haiishi. Mkwewe Yethro, mzee wa kabila la Lawi, akamwambia wazi kwamba atajimaliza yeye na watu wake. Akampa mpango: wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, yeye abaki na mashauri mazito. Wachungaji wetu wanahubiri sura hii kila mwaka halafu funguo ya stoo ya viti wanatembea nayo mfukoni.

#4 Mlei wa Nyegezi

Tumsifu Yesu Kristo.

Mwana wa Rungwe, nakubaliana nawe ila Yethro hakuwa Mlawi. Alikuwa kuhani wa Midiani. Na utamu wa habari uko hapo hapo: Musa alipokea ushauri wa uongozi kutoka kwa mtu wa nje, na akaufuata. Leo mhasibu wa benki akishauri kitu kwenye halmashauri ya walei anaambiwa mambo ya dunia asiyalete kanisani.

Kwetu Wakatoliki mpango wa Yethro upo kwa sura ya jumuiya ndogo ndogo. Ulitoka Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, na umesaidia sana. Paroko hawezi kujua kila nyumba, jumuiya inajua.

#5 Mwana wa Rungwe

Nimepokea, ni Mmidiani. Ila funguo ya stoo bado iko mfukoni 😀

#6 Bibi Mwinjilisti

Ya funguo naithibitisha. Usharika niliotumikia mwanzo mchungaji alikuwa anatia saini hata ununuzi wa sabuni ya kuoshea vikombe vya meza ya Bwana. Siku amesafiri, vikombe vinasubiri.

#7 Mtafiti wa Jumuiya

Mlei wa Nyegezi, nikuongezee hapo. Mtaguso ulifungua mlango wa walei kushiriki, lakini jumuiya ndogo ndogo kama tunavyozijua huku ni uamuzi wa maaskofu wa Afrika Mashariki wenyewe kupitia umoja wao, AMECEA. Walilijadili mwaka 1973 na mwaka 1976 wakaliweka kuwa kipaumbele cha kichungaji. Naliona hilo ni mfano mzuri kwa uzi huu. Maaskofu walikuwa na parokia kubwa, mapadre wachache, wengi wao wageni ambao siku moja wangerudi kwao. Wangeweza kuongeza ratiba ya misa kwenye vigango na kuchosha kila padre aliyekuwepo. Wakachagua kitu kimoja cha kusimamia kwa miaka mingi. Tanzania mpango ulikuta watu wameshazoea kukaa kwa nyumba kumi kumi, kwa hiyo haukuwa mgeni sana.

Tatizo ni lilikofikia. Katika jumuiya yangu tunasoma Injili dakika kumi, michango dakika arobaini. Mkakati wa mwaka 1976 umegeuka mkondo wa kukusanyia fedha. Kwa hiyo hata ukiwa na mkakati mzuri, wajukuu wako wanaweza kuurudisha kuwa shughuli.

#8 Mlei wa Nyegezi

Ahsante kwa kunyoosha. Na la michango umenigusa, kwetu daftari la zaka limekuwa nene kuliko Biblia ya mwenyekiti.

#9 Mchungaji wa Kijijini

Shalom. Nimewasoma wote na naomba mnisikilize, maana wengi mnaandika kutoka ofisini.

Mimi nina usharika wenye mitaa iliyotawanyika, pikipiki moja na mwinjilisti mmoja anayekaribia kustaafu. Jumatatu ambayo ndiyo siku yangu ya kupumzika, asubuhi napigiwa: mzee fulani amefariki. Nikisema leo ni siku ya kupanga mikakati, nani atanielewa? Huku kwetu mchungaji hupimwa kwa mazishi. Unaweza kuhubiri vibaya mwaka mzima watu wakakusamehe. Ukikosa msiba wa mtu mmoja, ukoo wake wote watalikumbuka mpaka unahamishwa.

Halafu tazameni fomu ya taarifa ninayojaza kila mwaka. Inaniuliza waliobatizwa wangapi, kipaimara wangapi, ndoa ngapi, semina ngapi, sadaka kiasi gani, asilimia ngapi ya makadirio. Hakuna mstari unaouliza: umewalea wangapi wanaoweza kufanya kazi yako ukiondoka? Mtu hufanya anachoulizwa. Msitafute chanzo kwa mchungaji peke yake, mtafuteni aliyetunga fomu.

La tatu ni uhamisho. Nilipofika hapa nilikuta mpango wa miaka mitano wa mtangulizi wangu, umechapwa vizuri, uko kabatini chini ya vitabu vya nyimbo. Hakuna mzee wa kanisa aliyekuwa anajua umeandikwa nini. Alihama nao kichwani.

#10 Kijana wa Kwaya

Baba Mchungaji pole na kazi. Lakini hilo la mwisho linampinga mtangulizi wako. Kama wazee hawakuujua, ule haukuwa mpango wa usharika. Ulikuwa insha yake.

#11 Mchungaji wa Kijijini

Kweli kijana. Sina cha kubisha hapo.

#12 Mpiga Magoti

Bwana asifiwe. Nitasema ambalo hamtalipenda. Lugha hii ya mkakati, vipaumbele na tathmini imetoka kwenye makampuni. Kanisa halikuanza kwa mpango kazi. Lilianza orofani watu wakiomba. Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Bukoba na Kenya haukuwa na kamati ya mipango. Watu walitubu, wakarudisha walivyoiba, wakatembea kwa miguu kwenda kushuhudia. Chanzo cha ubize wetu ni kukauka kwa maombi. Tukiomba, Roho ataongoza.

#13 Bibi Mwinjilisti

Mpiga Magoti nakuheshimu, na mimi ni mtoto wa Uamsho huo. Ila usiseme hawakuwa na utaratibu. Walikuwa na ushirika wa kila wiki, watu wanakaa pamoja, kila mmoja anaeleza alivyotembea na Bwana, anarekebishwa hapo hapo. Walikuwa na timu zinazotumwa, na mikutano mikubwa inayopangwa mapema. Hawakuwa na makaratasi, lakini walijua wanachotafuta: mtu aokoke na atembee nuruni. Kila kitu kilipimwa kwa hicho. Mimi huo ndio mkakati ninaoufahamu.

#14 Mpiga Magoti

Mama nimekuelewa, lakini bado nasema maombi kwanza.

#15 Mtafiti wa Jumuiya

Na Marko 1 je? Mji mzima umekusanyika mlangoni jioni, Yesu akaponya wengi. Alfajiri akatoka kwenda kuomba. Simoni na wenzake wakamfuata wakamwambia watu wote wanamtafuta. Mchungaji yeyote wa leo angerudi mbio, umati si huo! Yeye akawaambia twende vijiji vingine. Maombi na mpango vimekaa kwenye aya moja. Aliomba, akatoka akijua asichopaswa kufanya siku hiyo, ingawa wenye shida walikuwa bado wapo mlangoni.

Naona hapo kila mtu atachota chake, Mpiga Magoti atachota na Katibu atachota.

#16 Wa Nakuru

Habari zenu ndugu wa Tanzania. Huku Kenya mambo ni yale yale. Mimi niko kwenye kamati ya maendeleo ya kanisa la Kianglikana. Tulitengeneza mpango wa miaka mitano, tukalipa mtaalamu, tukaenda hotelini siku mbili. Maono, dhamira, maadili ya msingi, majedwali ya rangi. Uzinduzi ulikuwa na keki. Baada ya hapo tukarudi kwenye harambee zetu kama kawaida. Kwa hiyo msifikirie kuwa na hati ni kuwa na mkakati. Sisi tuliongeza mkakati kwenye orodha ya shughuli.

#17 Sauti ya Mbagala

Keki 😂 ilikuwa na nembo ya maono?

#18 Wa Nakuru

Ilikuwa na nembo, na askofu ndiye aliyeikata. Ilikuwa tamu, hilo sitalikana.

#19 Mjukuu wa Kidia

Nawaletea mfano wa huku Kilimanjaro. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefika Uchagani mwaka 1902, alikaa Old Moshi miaka mingi akichunguza jinsi Wachaga wanavyoishi. Akaona watu wameshikamana kwa ukoo, kwa ujirani na kwa rika. Badala ya kuleta vyama vya kigeni, akajenga usharika juu ya vifungo hivyo hivyo. Vijana wa kipaimara waliwekwa pamoja kwa mfano wa rika, wabebane maishani. Unaweza kumkosoa, na wapo wanaosema aliupenda uchaga wa zamani kupita Wachaga wenyewe waliotaka shule. Hilo ni kweli, wazee wetu walitaka shule na walizidai. Lakini alikuwa anajua kwa nini anafanya analofanya, na angeweza kukueleza.

Sasa linganisheni na kipaimara chetu. Watoto wanafundishwa miaka miwili, siku yenyewe suti, magauni meupe, mbuzi, picha. Mwezi unaofuata huwaoni.

#20 Kijana wa Kwaya

Hapo kwenye kipaimara pana kidonda. Darasa letu tuliobaki kanisani tunajuana kwa majina, na wengi ni kwa sababu ya kwaya.

#21 Mzee Daftari

Naomba niingie hapo, maana ndilo jambo tulilolifanyia kazi kwetu.

Sisi tulichukua kitabu cha kipaimara, kile kikubwa chenye jalada gumu kinachokaa kabati la ofisi. Mzee wa kila mtaa akapewa nakala ya majina ya mtaa wake kwa miaka ya karibuni. Pembeni ya kila jina tukachora safu tatu: yuko wapi, nani alizungumza naye mara ya mwisho, anahitaji nini. Hakuna semina, hakuna fulana. Wazee wakaenda kuuliza nyumba kwa nyumba.

Majibu yalitushangaza. Tulidhani vijana wamekimbilia makanisa ya miujiza. Wachache ndivyo. Wengi walikuwa mjini wanatafuta maisha, bodaboda, saluni, vyuo, na hakuna usharika wa mjini uliojua kwamba wamefika. Binti mmoja alimwambia mzee wake kwamba wewe ndiye mtu wa kwanza wa kanisa kunipigia simu tangu niondoke nyumbani. Mama yake alikuwa amesimama pale, akaanza kulia.

Baada ya hapo baraza likafanya kitu ambacho Katibu amesema hawajakifanya. Tulifuta tamasha la vijana la Agosti. Fedha na muda tukavipeleka kwenye kazi moja: kila kijana anayehama anaondoka na barua ya utambulisho, na mzee wa mtaa anapiga simu usharika anakokwenda kabla hajafika. Ugomvi ulikuwepo. Kwaya ya vijana walinuna, maana tamasha ndilo lilikuwa jukwaa lao. Mchungaji alisimama imara.

#22 Katibu wa Usharika

Mzee Daftari, hiki ndicho nilikuwa nakitafuta. Kwaya walirudi?

#23 Mzee Daftari

Wengi. Mpiga kinanda hakurudi, na kinanda kizuri kilikuwa cha kwake.

#24 Bint Karagwe

Kanisa la Kaskazini Magharibi mnalisahau. Askofu Josiah Kibira, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, 1977 hadi 1984, alitoka kwetu Bukoba. Kizazi kile walikuwa na swali moja kubwa: kanisa lijitegemee vipi, kwa watu wake, fedha zake na theolojia yake. KKKT yenyewe iliundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, chini ya Askofu Stefano Moshi. Watu waliojifunza kwa misheni tofauti, za Wajerumani, Waskandinavia na Wamarekani, walikubali kuwa kanisa moja. Mwaka 1971 hospitali ya KCMC, Moshi, ikafunguliwa. Yale hayakufanywa na watu waliokuwa wanakimbizana na ratiba ya wiki.

Maelezo yangu ni kwamba kizazi kile kilikuwa na swali. Sisi hatuna swali, tuna ratiba.

#25 Mchungaji wa Kijijini

Bint Karagwe umesema vizuri, ila tusiwapambe wazee mno. KCMC ilisimama kwa fedha nyingi za wafadhili wa nje. Kujitegemea tunakokuzungumzia ndiko kumenifanya mimi leo niwe mkusanyaji. Ubize wangu nusu yake ni fedha: mishahara, sehemu ya dayosisi, ada za wanafunzi wa theolojia, ujenzi. Mmisionari aliletewa mshahara akapata nafasi ya kukaa miaka akichunguza koo. Mimi nisipofanya mnada wa mavuno mwinjilisti halipwi.

#26 Sauti ya Mbagala

Hoja nzito hii. Inapindua hata yangu ya ushindani.

#27 Mjukuu wa Kidia

Inapindua kidogo na ya kwangu. Ingawa Mzee Daftari hakuhitaji mfadhili, alihitaji kalamu na wazee wenye miguu.

#28 Kijana wa Kwaya

Mnada wa mavuno usiguswe jamani. Mwaka jana jogoo mmoja aliuzwa mara sita, kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena. Mpaka ibada inaisha jogoo alikuwa ameshachangia kuliko baadhi ya wazee.

#29 Bibi Mwinjilisti

Na ibada iliisha saa ngapi?

#30 Kijana wa Kwaya

Saa tisa alasiri mama.

#31 Mlei wa Nyegezi

Turudi kwenye mada kabla jogoo hajauzwa mara ya saba. Matendo 6 inasaidia. Wajane wa upande wa Kiyunani wanasahauliwa kwenye mgawo wa kila siku. Mitume wakakataa kuacha neno wakahudumie meza, wakachaguliwa watu kumi na wawili kusimamia. Huo ni mgawanyo wa kazi.

#32 Mwana wa Rungwe

Leo ni zamu yangu 😀 Ni saba, si kumi na wawili. Kumi na wawili ni mitume.

#33 Mtafiti wa Jumuiya

Na tazameni majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ya Kiyunani. Inaelekea waliwachagua kutoka upande ule ule uliokuwa unalalamika. Walioumizwa wakapewa usimamizi wa chakula. Hilo lina uzito kuliko kugawana kazi. Kwetu anayelalamika anawekwa pembeni, tena anaombewa apunguze ulimi.

Lakini endeleeni kusoma. Stefano aliyewekwa mezani sura ya 7 yuko mbele ya baraza anahubiri mpaka anapigwa mawe. Filipo sura ya 8 yuko Samaria. Kwa hiyo mpango wa mitume ulikuwa mzuri na Mungu hakukaa ndani yake. Sijui Katibu atalipokeaje hilo.

#34 Mpiga Magoti

Amina! Hapo sasa.

#35 Katibu wa Usharika

Nalipokea vizuri tu. Kama meza isingepata wasimamizi, Stefano na Filipo wasingejulikana. Mpango uliwapa nafasi ya kuonekana, Roho akawachukua kutoka hapo. Kwetu watu wa namna hiyo wanabeba viti mpaka wanazeeka.

#36 Wa Nakuru

Nami niseme la Nehemia. Alifika Yerusalemu, akakaa siku tatu, akatoka usiku na watu wachache kukagua ukuta bila kumwambia mtu. Kabla ya hapo alikuwa ameshaomba barua za mfalme na miti. Ukuta ukaisha kwa siku 52. Wakamwita mara nne kwenye mkutano wa bonde la Ono, akakataa kushuka. Huyu alikuwa bize kuliko sisi sote, lakini alikataa vikao!

#37 Mchungaji wa Kijijini

Nehemia hakuitwa kwenye misiba. Na mfalme alikuwa nyuma yake.

#38 Mama wa Vijana

Nimechelewa. Hamjagusa wake wa wachungaji na watoto wao. Ubize huu wanaoulipa ni wao. Nimelelewa nyumba ya mchungaji. Baba alijulikana na mji mzima, sisi tulimwona akiwa anakula amesimama. Wawili kati yetu hawaingii kanisani leo. Mkijadili mkakati wekeni na mstari huo, nani analipa.

#39 Bibi Mwinjilisti

Mwanangu, pole. Umesema jambo ambalo kwenye mabaraza halina ajenda.

#40 Katibu wa Usharika

Ahsanteni wote. Kikao kijacho cha baraza naomba kupeleka mambo mawili tu: kitabu cha kipaimara kama cha Mzee Daftari, na pendekezo la kufuta tukio moja. Bado sijui lipi. Nikigusa tamasha la kwaya nitahama mji.

#41 Kijana wa Kwaya

Usiguse.

#42 Mzee Daftari

Anza na ambalo hakuna anayelililia. Waulize wazee mmoja mmoja kabla ya kikao, si kikaoni, maana kikaoni kila mtu ana ndugu kwenye kila kamati. Na safu ya pili ya daftari usiiache, ile ya nani alizungumza naye mara ya mwisho. Kwetu ndiyo iliyowauma wazee.

#43 Mchungaji wa Kijijini

Mzee Daftari, naomba kuuliza. Mchungaji wenu wa wakati ule bado yupo?

#44 Mzee Daftari

Alihamishwa mwaka uliofuata. Aliyekuja alikuta kazi inaendelea mitaani, daftari liko kwa wazee. Ila amerudisha tamasha la Agosti.